Gamba Limetoka Vipande: Kutafuta Chanzo Nyoka Anaposhindwa Kujivua

Kabla hujamgusa nyoka, liokote gamba. Usilitupe wala usilikunje. Kama limeshakauka na linapasuka mkononi, liloweke dakika chache kwenye maji ya uvuguvugu, litalainika. Kisha litandaze mezani, kichwa upande huu na mkia upande ule, ulisome taratibu. Maswali mengi ninayoulizwa na wafugaji kuhusu kujivua yana majibu yake juu ya meza hiyo. Na nyoka wengi niliowaona wakiumizwa, waliumizwa na mtu mwenye huruma aliyeanza kuwabandua ngozi kabla ya kuangalia walichokwisha kukiacha.

Humu "gamba" ni ile ngozi nzima anayoiacha nyoka, na "magamba" ni vile vigae vidogo vinavyoufunika mwili wake. Ninaandika kwa ajili ya mfugaji wa nyoka wasio na sumu. Mwenye swila au kifutu anaweza kufuata yote yanayohusu kizimba, hewa na maji, lakini yale ya kumshika nyoka ayaache kabisa, amwite mtu mwenye ujuzi wa nyoka wa sumu.

Ukilitandaza gamba jiulize: ni zima, au limekatika? Ncha ya mkia ipo? Pale palipokuwa macho pana vilenzi viwili vyembamba, au pana matundu? Pana mahali palipochanika ambapo palichanika mara iliyopita pia? Majibu hayo ndiyo yatakayokuambia uende sehemu gani hapa chini.

Kwanza, kujivua kunakokwenda sawa

Ngozi ya nje ya nyoka imejengwa kwa keratini, jamii ya kile kilichojenga kucha na nywele zetu. Haina uhai, haitanuki sana, na ikichakaa haijitengenezi. Husemwa kwamba nyoka hujivua kwa sababu anakua. Hiyo ni nusu ya habari. Ni kweli mtoto anayekua upesi hujivua kila baada ya wiki 4 hadi 6 hivi, lakini nyoka mzima asiyeongezeka hata sentimita moja hujivua pia, mara chache kila mwaka, kwa kuwa vazi limechakaa, limekwaruzika, na pengine limebeba vimelea. Hata sisi binadamu hubadilisha ngozi, ila yetu hupukutika chembe chembe kila siku bila kuonekana. Ya nyoka husubiri, ikatoka yote kwa mkupuo.

Kinachotangulia ni kazi kubwa isiyoonekana. Chini ya ngozi ya zamani seli hugawanyika na kujenga ngozi nyingine kamili, yenye magamba yake na keratini yake, mpaka kwa siku kadhaa nyoka anakuwa amevaa ngozi mbili. Ya chini ikikomaa, majimaji huingia kati ya hizo mbili na kuzitenganisha. Hapo ndipo unapoona rangi imefifia, tumbo lina wekundu hafifu, na macho yamefunikwa na ukungu wa buluu kama maji yaliyodondoshewa maziwa.

Kuhusu macho, shika jambo moja kwa sababu tutalirudia. Nyoka hana kope za kufumba. Kope zake ziliungana alipokuwa bado kiinitete, zikawa kioo kimoja angavu kinachofunika jicho daima. Kioo hicho ni sehemu ya ngozi. Kila anapojivua, tabaka la juu la kioo nalo hutoka, likiwa limeshikamana na gamba.

Ukungu hudumu siku kadhaa, halafu macho hutakata tena. Wafugaji wapya hudhani kazi imekwisha, wakaanza kulitafuta gamba hawalioni. Bado. Kwa kawaida ni siku 2 hadi 5 baada ya macho kutakata ndipo nyoka huanza kusugua pua na midomo kwenye kitu kigumu. Ngozi hupasuka kandokando ya mdomo, hurudishwa nyuma ya kichwa, naye hutambaa akiiacha nyuma yake ikiwa ndani-nje, kama soksi inayovuliwa kwa kushikwa juu na kuvutwa kuelekea vidoleni. Tangu rangi kufifia hadi gamba kulala chini, hesabu wiki 1 hadi 2.

Gamba huwa refu kuliko mwenyewe, kwa sababu ile ngozi laini iliyojikunja kati ya magamba hunyooka yote. Kwa hiyo usimpime nyoka wako kwa gamba lake ukafurahi bure.

Ili yote haya yaende, nyoka anahitaji maji ya kutosha mwilini ya kutengeneza yale majimaji, hewa yenye unyevu ili ngozi ya zamani isikauke ikamganda kabla haijatoka, joto linalomfaa, na kitu cha kusugulia. Kikikosekana kimoja, gamba hukwama.

Dalili: gamba limetoka vipande vipande, na mabaka yamebaki mwilini

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote, na chanzo chake cha kawaida ni hewa kavu. Mfugaji akiambiwa hivyo hujibu, "Lakini kipimo cha unyevu kinasoma vizuri." Basi tuanze na kipimo.

Haigrometa, yaani kipimo cha unyevu wa hewa, ikiwa ni ya mshale, ile ya duara inayobandikwa kwenye kioo, hudanganya sana. Ya kidijitali yenye waya wa kupimia ni afadhali, mradi ule waya ukae kimo anacholala nyoka, si juu karibu na mfuniko. Na yoyote uliyonayo, ijaribu kwa chumvi. Weka kijiko cha chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, itie matone ya maji mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Iweke pamoja na kipimo ndani ya chombo kinachofungwa barabara, pasipo kukigusisha na chumvi, uache usiku kucha. Hewa iliyofungiwa na chumvi mbichi hutulia kwenye unyevu wa asilimia 75. Kipimo kikisoma 63, jua kina upungufu wa 12, na kila kitakachokuonyesha kizimbani ukirekebishe kwa kiasi hicho. Kikipishana kwa zaidi ya hapo, sikitumii tena.

Jambo la pili ni joto. Hewa ikipashwa moto bila kuongezewa maji, unyevuanga wake hushuka. Ndiyo maana kizimba chenye taa ya joto juu na mfuniko wa wavu hukausha kama kikaushio cha nguo: joto hupanda na kutoka na mvuke wote. Funika sehemu kubwa ya wavu, ukiacha upenyo wa hewa upande mmoja, na usiweke kitambaa wala plastiki karibu na taa. Sogeza chombo cha maji upande wa joto, tena kiwe kipana, maana maji hupaa kutoka kwenye uso wake. Badilisha matandazo: karatasi haishiki unyevu, makumbi ya nazi yaliyosagwa huushika na kuutoa polepole.

Unyevu kiasi gani? Inategemea nyoka anatoka wapi. Chatu mdogo wa misitu na mbuga za Afrika Magharibi na Kati, *Python regius*, anataka asilimia 50 hadi 60 siku za kawaida, na 65 hadi 70 rangi inapoanza kufifia. Nyoka mwekundu wa Marekani anayefugwa sana, *Pantherophis guttatus*, ameridhika na 40 hadi 60. Boa wa upinde wa mvua wa misitu ya Amerika Kusini, *Epicrates cenchria*, nyoka anayebana mawindo kama chatu, atapata shida chini ya 70. Boa wa mchangani anaishi pakavu, ila hata yeye kule kwao hujifukia kwenye mchanga wenye ubichi kidogo inapofika siku ya kujivua.

Hilo la mwisho ndilo lililonifundisha dawa bora kuliko zote. Porini nyoka hakai kwenye unyevu wa aina moja siku nzima. Huutafuta anapouhitaji, chini ya gogo, ndani ya shimo, kwenye kichuguu. Mpe shimo hilo. Chukua kisanduku cha plastiki chenye mfuniko, kinachomtosha akijikunja, toboa mlango ubavuni na ulainishe kingo zake, jaza nusu kwa makumbi yaliyolowekwa kisha yakakamuliwa mpaka hayadondoki, ukiweke sehemu ya katikati ya joto na ubaridi. Ataingia mwenyewe. Akishajivua kitoe, ukisafishe, ukikaushe.

Usifanye kizimba chote kuwa kinamasi. Unyevu wa hewa na ubichi wa sakafu ni vitu viwili. Nyoka anayelalia matandazo yaliyolowa kila siku huota malengelenge tumboni, magamba hubadilika rangi na kuoza, na bakteria huingia hapo. Kumpulizia maji kila saa nako hakusaidii kitu. Unalowesha mgongo wake kwa dakika 10, hewa inabaki ileile.

Ikiwa hewa iko sawa na bado gamba linakatika, tazama maji yaliyo ndani ya nyoka. Nyoka aliyepungukiwa maji ana ngozi inayobaki na makunyanzi akijikunja, mate yake yananata kama gundi, na ule uchafu mweupe anaoutoa pamoja na kinyesi huwa mgumu na mkavu kama chaki. Chombo cha maji kilichochafuka kwa siku mbili kinatosha kumfanya asinywe. Kama maji safi yapo na dalili hizo haziondoki, figo zinaweza kuwa na matatizo, na hilo ni la daktari wa wanyama.

Kisha angalia ana nini cha kujisugulia. Kuna vizimba nadhifu vya plastiki tupu, karatasi chini, kibanda laini, bakuli laini, hakuna ukali popote. Weka gogo lenye magome au jiwe lenye mikwaruzo lisilo na ncha kali, limekaa imara lisije likamwangukia. Umuhimu wa kusugua unaonekana vizuri kwa nyoka wa bahari mwenye tumbo la njano, *Hydrophis platurus*, anayeishi juu ya maji ya bahari kuu pasipo mwamba wala tawi. Yeye hujifunga fundo kwa mwili wake mwenyewe na kulipitisha kutoka kichwani hadi mkiani, akijisugua nalo mpaka ngozi iachie. Huyo wa kizimbani hakuumbiwa ufundi huo.

Na kama ulikuwa unamshikashika macho yakiwa na ukungu, acha. Ngozi ya juu imeshalegea, ya chini bado changa. Kidole kinachoteleza hapo huichana ngozi ya juu kabla ya siku yake, na palipochanika ndipo panapoganda.

*Kumwondolea mabaka yaliyobaki.* Usianze siku ileile. Ongeza unyevu, mpe kile kisanduku, umwache walau saa 24. Wengi humaliza wenyewe. Yakibaki, tia maji ya uvuguvugu, nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi, kwenye beseni lenye mfuniko uliotobolewa. Pima kwa kipimajoto, usiamini mkono wako. Kina kisizidi unene wa mwili wake, aweze kuinua kichwa bila kuogelea. Dakika 20 hadi 30, nawe ukiwa palepale. Beseni hilo lisirudi jikoni, na mikono uioshe kwa sabuni, kwani nyoka wengi hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, bila wao kuumwa.

Baada ya maji, chukua taulo lililolowa, likunje mkononi, umwache nyoka apite katikati yake kwa nguvu zake mwenyewe. Wewe unashika tu, anayefanya kazi ni yeye. Mabaka mengi yatabaki ndani ya taulo. Yasiyotoka yaache, urudie kesho au keshokutwa.

Sitaki uyavute. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilimbandua chatu kijana baka la ubavuni kwa kucha, kwa kuwa lilikuwa limeinuka ukingo na lilionekana limeachia. Halikuwa limeachia. Chini yake palitokea wekundu, pakatoa majimaji, na kovu lake lilishika gamba hapohapo kila alipojivua baadaye, kwa miaka. Ngozi isiyokubali taulo bado imeshikwa na nyoka. Mafuta ya kupikia, mafuta ya watoto, losheni, vyote viache pia. Hukamata uchafu na huzuia kuona unachokifanya.

Dalili: gamba ni zima, lakini penye jicho pana tundu

Hapo kile kioo cha zamani kimebaki juu ya jicho. Jicho huonekana limefifia, lina vumbi, pengine kingo zake zina kijifuniko kilichojikunja. Hakikisha kwanza: loweka sehemu ya kichwa ya gamba, uifungue taratibu na kuielekeza kwenye mwanga. Mara nyingi kilenzi kipo, kimejikunja tu ndani, na jicho la nyoka halina tatizo lolote.

Jihadhari pia na jicho lililobonyea. Kibonyo juu ya jicho si lazima kiwe kioo kilichobaki; kwa nyoka aliyepungukiwa maji au anayekaa kwenye hewa kavu, kioo kipya chenyewe hujikunja. Ukimrudishia maji na unyevu, huweza kunyooka kikawa laini tena kwa siku chache. Fikiria mtu aliyeshika kibano akilichokonoa jicho hilo zima!

Kioo cha mara moja kilichobaki, nyoka akiwa mwenye afya, hakihitaji haraka. Rekebisha unyevu, subiri kujivua kunakofuata, kwa kawaida vitatoka vyote viwili pamoja. Kibano, ncha ya kucha, utepe wa gundi, yote hayo marufuku. Ukikosea kidogo unang'oa kioo chenyewe, si tabaka lake la zamani, na hapo konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho lenyewe, inabaki wazi kwa mnyama asiye na kope. Jicho hilo hukauka na hupotea.

Mpeleke kwa daktari kama vioo vimerundikana vya mara 2 au zaidi, kama jicho limevimba kuliko la pili, au kama nyuma ya kioo panaonekana weupe mzito au unjano. Nafasi iliyopo kati ya kioo na konea ina njia ya kupitishia machozi kuelekea mdomoni. Maambukizi ya mdomo hupanda kwa njia hiyohiyo, usaha ukajikusanya hapo. Chunguza pia ule mfereji mwembamba unaozunguka jicho. Utitiri hupenda kujificha humo, nao ukivimbisha kingo, kioo hakitoki.

Dalili: ncha ya mkia haimo kwenye gamba

Hili linaonekana dogo kumbe ni hatari kuliko baka kubwa la mgongoni. Ngozi iliyobaki mkiani hukauka na kusinyaa kama pete. Kujivua kukifuata pete nyingine huongezeka juu yake. Damu haipiti, ncha hugeuka nyeusi, hukauka, hukatika, na uozo unaweza kupanda juu. Kwa watoto wembamba hutokea upesi.

Loweka mkia na kitambaa cha uvuguvugu, dakika 15 au 20, kisha uviringishe polepole kati ya vidole kwa kitambaa hichohicho, kuelekea nchani. Pete mpya hulegea kwa siku 2 au 3 za kurudia hivyo. Mkia uliokwisha kubadilika rangi, uliovimba juu ya pete, au ulio baridi na mgumu, usiuguse. Daktari ndiye atakayejua kama unaokoleka au unakatwa.

Kuna jamii moja ambayo ncha kubaki ni maumbile yake: nyoka wa njuga wa Amerika. Kila anapojivua, gamba la mwisho la mkia hukataa kutoka na kuwa pingili moja ya njuga. Ndiyo maana pingili hazihesabu miaka. Hujivua zaidi ya mara moja kwa mwaka, na pingili za nchani hukatika.

Dalili: hunasa mahali palepale kila mara

Hewa haina upendeleo. Gamba likiganda kwa sababu ya ukavu hukatika huku leo na kule kesho. Likinasa palepale mara 3 mfululizo, ngozi ya pale ina historia. Tazama kovu la kuungua, la kung'atwa na panya aliyeachwa hai kizimbani, la mchubuko wa pua iliyosuguliwa kwenye wavu. Kovu halitengenezi majimaji ya kutosha wala magamba yaliyojipanga, hivyo ngozi mbili hazitengani vizuri.

Kovu huliondoi, ila chanzo chake unakiondoa leo. Nyoka hahisi kuungua upesi kama unavyodhani. Hulalia jiwe la kupashia joto kwa umeme au mkeka wa joto usio na kidhibiti mpaka tumbo linaiva. Kila chombo cha joto kiwe na kidhibiti, na taa iwe na kizuizi asiweze kujizungusha juu yake. Baada ya hapo, kila rangi inapofifia wahi kumwekea kisanduku cha unyevu, na mahali penye kovu patazame peke yake gamba likishatoka.

Dalili: anajivua mara kwa mara mno

Mtoto anayekula vizuri, sawa, ndivyo alivyo. Nyoka mzima aliyezoea kujivua kila miezi 3 akaanza kila wiki 3 au 4 anakuambia kwamba ngozi yake imevamiwa au imejeruhiwa.

Anza na utitiri wa nyoka, *Ophionyssus natricis*. Ni nukta nyeusi au za rangi ya damu, zinazotembea, chini ya kidevu, kandokando ya macho, karibu na tundu la haja. Dalili zake huja kabla hujauona: nyoka anashinda ndani ya maji, kwenye bakuli kuna chembe nyeusi zilizozama, na juu ya ngozi pana vumbi jeupe kama majivu. Wengi huona nyoka amelala majini wakadhani anajiandaa kujivua. Mpanguse kwa kitambaa cheupe kilicholowa, ukiifinya chembe ikaacha alama ya damu umeshapata jibu.

Utitiri hautagi mayai juu ya nyoka, hutaga kwenye nyufa za kizimba. Kwa hiyo kumwogesha nyoka peke yake ni kazi ya bure. Tupa matandazo yote nje yakiwa kwenye mfuko uliofungwa, tupa magogo usiyoweza kuyachemsha, sugua viungo na pembe zote, tandika karatasi nyeupe, na urudie usafi huo kwa wiki kadhaa. Dawa na kipimo chake muulize daktari. Dawa za kunyunyizia wadudu wa nyumbani au wa mazao huua nyoka pamoja na utitiri. Nimeona hilo na sitaki kuliona tena.

Pasipo utitiri, tafuta magaga, vinundu, magamba yaliyonenepa au kugeuka kahawia, hasa usoni. Kuna kuvu, *Ophidiomyces ophidiicola*, inayowaua nyoka wa porini Amerika Kaskazini na iliyopatikana pia Ulaya. Nyoka aliyeambukizwa hujivua haraka haraka, kama mtu anayejaribu kuvua shati lililoshika moto, na wakati mwingine kweli huifukuza kwa njia hiyo. Mtenge na wengine, tumia vyombo vyake peke yake, umpeleke akapimwe.

Kwa jike kuna kujivua kusiko ugonjwa kabisa. *Python regius* mwenye mimba hujivua kama siku 30 hivi kabla ya kutaga. *Pantherophis guttatus* kama siku 10 hadi 14. Gamba la ziada pamoja na tumbo lililojaa upande wa nyuma maana yake ni kuandaa kisanduku cha mayai.

Dalili: ukungu hauishi, au hajajivua kwa miezi

Ukungu wa macho yote mawili ukizidi siku 10 hivi, pima joto kwanza. Seli haziwezi kujenga ngozi mpya kwenye ubaridi, kazi yote huenda polepole. Upande wa joto ukiwa umepungua nyuzi 4 au 5 kwa sababu mkeka umekufa, umepata chanzo.

Jicho moja tu lenye ukungu si kujivua. Kujivua hushika macho yote pamoja. La upande mmoja ni jeraha, maambukizi, au kioo cha zamani.

Miezi mitupu, nyoka akiwa mzima na anakula kidogo msimu wa baridi, mara nyingi si tatizo. Pekua matandazo pia. Mjusi kafiri hula ngozi yake akimaliza kujivua, lakini nyoka kwa kawaida haili. Gamba lisipoonekana limefukiwa mahali.

Watoto waliotoka kwenye yai hujivua mara ya kwanza ndani ya wiki 1 hadi 2, na wengi hawatakula kabla ya hapo. Hao wasikae kwenye karatasi kavu. Mwili mdogo hupoteza maji upesi, na pete ya mkia huanzia hapa.

Hataki kula, amekuwa mkali

Haoni vizuri, ngozi inamwasha, anaogopa. Mwache. Chakula atakitaka baada ya kujivua, na mara nyingi hutanguliza haja kubwa. Akikataa wiki 2 baada ya gamba kutoka salama, hilo ni tatizo lingine na lichunguzwe peke yake.

Ukienda kwa daktari

Nenda bila kungoja ukiona damu au usaha, jicho lililovimba, mkia uliogeuka rangi, malengelenge tumboni, nyoka anayepumua mdomo wazi, au kujivua kubovu mara 2 mfululizo baada ya kurekebisha hewa, maji na joto. Tafuta daktari anayetibu reptilia. Si kila daktari wa wanyama amewahi kumshika nyoka.

Mchukulie gamba, hata kama ni vipande, ndani ya mfuko uliofungwa na kitambaa chenye ubichi kidogo lisikauke. Mchukulie pia picha ya kizimba kizima, masomo ya joto na unyevuanga ya pande zote mbili, ya mchana na ya usiku, na tarehe za kujivua mara 3 au 4 zilizopita. Mimi huandika tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya kila mfuko wa gamba, na mifuko ya mwaka mzima hukaa kwenye sanduku moja, la zamani chini, jipya juu.